Finjani Iliyowekwa Chini

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipowaacha: mlangoni kwa bibi yangu, mtaa wa Darsait hapa Maskati, mikono yangu ikinuka rangi mbichi, na gari jeupe la ami yangu Yaqoob likiingia katika uchochoro ambao lilikuwa halijauona tangu Idi ya mwaka juzi.

Kwa anayeanza leo, nitasema kwa ufupi. Naitwa Ghadeer. Nasoma chuo kikuu, Al Khoudh, na kila mwisho wa wiki hurudi kwa Bibi Zuwena, mama wa marehemu baba yangu. Mvua kubwa ilipoangusha paa la nyumba yake, ami alisema kwa simu, "Nyumba yenyewe kuukuu, iacheni." Hatukuiacha. Majirani tuliunda lajna, yaani kamati ya mtaa, tukatafuta kibali mpaka tukakipata, tukaanza kuzifufua nyumba kongwe moja baada ya moja. Jiko la wanawake huuza chakula cha mchana kwa watu wa magereji, na kinachopatikana hununua vifaa. Mwenye ufundi hutoa ufundi wake siku ya Ijumaa. Mwenye chumba humpa malazi yule ambaye nyumba yake iko wazi, haijaezekwa. Nyumba ya Bibi ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Sharti letu ni moja tu, na Bibi alilitamka kwa kinywa chake mbele ya mtaa mzima: nyumba iliyotengenezwa na majirani itakaliwa na mwenyewe maadamu yu hai. Haiuzwi, haikodishwi, haigeuzwi biashara.

Sasa lile gari.

Walishuka wawili: ami, kanzu yake imepigwa pasi hadi inakata, na rafiki yake wa Ghubra, mzee Hamood, aliyeshika bakora. Ami hakumbusu mamake kichwani kama ilivyo ada. Alimwamkia kwa mbali, akaketi upande wa wageni.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtoto haketi upande wa wageni katika nyumba ya mamake.

"Mashallah, Mama," alisema, macho yake yakizunguka juu. "Paa gani hili! Na viyoyozi! Hamood, hebu tazama milango hii."

"Mbao za kawaida, Ami," nilimwambia. "Ni mkono wa fundi tu."

"Kwani na wewe ulikuwamo?"

"Nilikuwamo. Bolti za upande wa kibla nimezikaza mimi."

Alicheka, akamgeukia mwenzake. "Mtoto wa kike juu ya paa! Ndiyo mnayofundishwa huko chuoni?"

"Paa lilipoanguka hakutokea mtoto wa kiume, Ami."

"Ghadeer!" Bibi alinikata. "Mimina kahawa."

Nilimimina. Mzee Hamood alikunywa, akaitikisa finjani yake kuonyesha kuwa ametosheka. Ami aliipokea ya kwake kwa mkono wa kulia, akaitazama, kisha akaiweka chini kwenye mkeka. Hakuigusa tena.

Wasomaji wangu wa Maskati hawahitaji kuelezwa. Wa mbali nitawaeleza: mgeni akiiweka finjani chini bila ya kuinywa, amesema bila ya kusema kwamba ana haja, na kwamba hatakunywa mpaka akidhiwe. Mwenye nyumba asiyempa jibu huaibika. Watu wa kale, wale waliojiona wakubwa kwa ukarimu, walikuwa wakiikubali haja hata kabla hawajaisikia.

Bibi yangu ni mtu wa kale.

Alimtazama mwanawe. Akamtazama mzee Hamood, mgeni, shahidi, mtu wa watu. Kisha akasema kwa sauti ile ile anayosomea Yasini:

"Kunywa kahawa yako, mwanangu. Haja yako nshaikidhi."

"Bibi, hujamuuliza!" nilisema.

"Nyamaza we. Wanaume wanazungumza na mimi."

Ami aliuinamisha uso kama mtu mnyenyekevu. Laiti mngeuona unyenyekevu ule, mngeufungia mlango.

"Mungu akuweke, Mama," alisema. "N'nataka nyumba hii. Tukaiandikishe kwa jina langu, nami nitaifanya nyumba ya wageni. Watalii msimu wa baridi wanajaa Mutrah, hoteli hawazitaki, wanataka nyumba za kienyeji, zenye ua kama huu. Wewe utahamia kwangu Ghubra. Utakula, utalala, utapumzika. Umri umeshakwenda huo."

Niliziona pete za Bibi zikigongana kwenye vidole. Mzee Hamood alianza kuikagua bakora yake kana kwamba ndiyo kwanza ainunue.

Na ami yangu akanyoosha mkono kuichukua finjani.

Ninaungama hapa, mbele yenu nyote, kwa kuwa nimeshasutwa vya kutosha na waliokuwepo na wasiokuwepo. Sikupanga. Sikufikiri. Niliona mkono ule, mkono ambao haukubeba hata ndoo moja ya saruji, ukishuka kuelekea finjani ile, na hasira ikanipanda kichwani kama moshi. Niliinyakua kabla hajaigusa. Nikainywa mimi. Nikaimaliza.

"La haula!" alisema mzee Hamood.

"Mama!" Ami alikuwa ameshasimama. "Umeona? Umeyaona malezi haya?"

"Ghadeer," Bibi alisema polepole, "umefanya nini?"

"Nimekunywa kahawa ya mtu asiyestahiki kuinywa. Hii si haja, Bibi, huu ni unyang'anyi. Mgeni ana haki ya kuomba. Huyu si mgeni, huyu ni mwanao! Amejifanya mgeni ili akufunge kwa ukarimu wako mwenyewe."

"Toka nje."

"Bibi, ulitoa ahadi kwa majirani..."

"N'nakwambia toka nje!"

Nilitoka. Nikiwa uani niliisikia sauti ya ami, tamu na baridi kama sharubati: "Mama, neno umeshanipa, na Hamood kasikia. Lakini mimi siingii tena humu mpaka mtoto huyo aje kwangu mwenyewe, animiminie kahawa kwa mkono wake, mbele ya mke wangu."

Na Bibi akajibu, "Atakuja."

*

Darsait haina siri. Kesho yake nilipoingia kwenye jiko la lajna, nyuma ya nyumba ya Bi Hamdiya, masufuria ya biriani yalikuwa baridi na hakuna aliyekuwa akimenya kitu.

Bi Hamdiya ndiye kiongozi wetu. Ni mama mpana, mwenye mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mwepesi zaidi. Bibi alilala chumbani kwake muda wote nyumba ilipokuwa wazi, akila naye sahani moja. Alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele, mikono imefungwa kifuani.

"Kaja," alisema. "Mnywaji kaja."

"Asalaam alaykum, Bi Hamdiya."

"Waalaykum salaam. Ati nyumba yetu inakuwa hoteli? Na mie n'talipa nikitaka kwenda kumwamkia shoga yangu, au wenyeji bure?"

Kicheko kikapasuka, kisicho na furaha ndani yake. Restituta, aliyekuwa karibu na jiko, hakucheka. Restituta ni mtu wa Bukoba, anafanya kazi za nyumbani Ghubra, na Ijumaa yake ya mapumziko, ambayo wenzake huitumia kulala, yeye huitumia kutukaangia chapati. Hana nyumba Darsait wala popote Oman. Nilipomwuliza zamani kwa nini anakuja, alisema hapa ndipo mahali pekee anapopika akaulizwa chumvi imekolea au haijakolea.

"Mimi naomba kuelewa, jamani," alisema. "Huyo mzee alileta hata msumari?"

"Hata mmoja," nilisema.

"Alileta maji ya kunywa kwa mafundi?"

"Hakuleta."

"Kwa hiyo Ijumaa zangu zote, mgongo wangu huu, chapati mpaka mikono inavimba, nilikuwa namtumikia baba mkubwa wako bila mimi kujua. Kumbe nina bosi wa pili!" Alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. "Shukrani ya punda ni mateke. Khalas. Mimi nimemaliza."

"Restituta, ngoja."

"Ningoje nini, mdogo wangu? Bosi wa kwanza ananilipa."

Hakuna aliyemzuia. Mama mmoja alianza kufunga buibui lake, kisha mwingine. Niliwatazama wakitoka na nikajua kwamba lajna yetu haifi kwa kukosa kibali, wala kwa kukosa saruji. Inakufa kwa sababu watu wamefanywa wajinga, na mtu hupenda kusaidia lakini hapendi kufanywa mjinga.

"Bi Hamdiya," nilisema, "Bibi alishikwa. Aliaibishwa mbele ya mgeni."

"Na sisi tumeaibishwa mbele ya nani? Sikiliza, mwanangu. Zuwena n'nampenda. Lakini neno alilompa Yaqoob lina shahidi mmoja. Neno alilotupa sisi lina mtaa mzima. Kamwulize bibi yako, katika maneno mawili hayo, la uongo ni lipi?"

Nilikwenda nikamwuliza. Ndivyo nilivyo, na ndiyo sababu ninaandika maudhi haya badala ya kulala usingizi.

Bibi alikuwa juu ya msala wake wa kusalia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kugeuza uso.

"Sijapata kusema uongo," alisema. "Hilo kamwambie Hamdiya."

"Basi mwambie Ami kuwa haiwezekani."

"N'shamwambia kunywa. Nikirejea nyuma, n'takuwa mtu gani? Babu yako alitoka Unguja hana kitu mkononi, Ghadeer. Neno lake lilikuwa ndilo mali yake. Kwa neno lile watu walimkopesha jiwe juu ya jiwe mpaka nyumba hii ikasimama."

"Na ahadi ya majirani?"

Pete zikagongana tena. "Kesho utakwenda Ghubra. Utachukua chupa ya kahawa na haluwa. Utammiminia ami yako."

"Siendi."

"Usipokwenda, radhi zangu huna."

Enyi wasomaji, mnaweza kuniita mtoto wa kisasa, mnaweza kuniita mkaidi. Nimesimama mbele ya maafisa na wahandisi nikabishana nao. Lakini hakuna kitabu nilichopata kukisoma kinachomfundisha mtu namna ya kuishi bila ya radhi za aliyemlea.

Nilikwenda.

*

Nyumba ya ami Ghubra ina lango linalofunguka lenyewe. Nilipokelewa na mkewe, Bi Reem, mwanamke mpole ambaye huzungumza Kiarabu na Kiswahili katika sentensi moja na hamalizi kwa lugha hata moja kati ya hizo mbili.

"Ahlan habibti, karibu, ami yako yupo majlis, lakini kwanza njoo, taal, nikuonyeshe chumba cha Bibi. Tumeshakipiga rangi!"

Alinipitisha sebuleni, penye marumaru na mazulia. Akanipitisha ukumbini, penye milango ya vyumba vya watoto waliokwishaoa na kuhama. Tukalipita jiko. Tukatoka nje kwa mlango wa nyuma. Pembeni ya mitungi ya gesi palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja la juu, na ndani yake kitanda chembamba cha chuma.

"Si kizuri?" alisema. "Hapana ngazi, miguu yake haitaumia. Na choo kiko karibu."

"Bi Reem," nilisema, "hiki ni chumba cha nani?"

"Kilikuwa cha khadama, mtumishi wetu, lakini amekwenda kwao, halafu tumekisafisha, wallahi."

Nilisimama nikakitazama kitanda kile. Bibi yangu, aliyejengewa nyumba na mumewe na akajengewa tena na jirani zake, angeletwa alale nyuma ya jiko, penye harufu ya gesi, ili mtalii alale chini ya paa lake. Na Bi Reem alikuwa akitabasamu. Hakuwa na ubaya moyoni. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi: kwamba katika nyumba yenye vyumba vingi namna ile, hapakuwa na mtu mmoja aliyeona kasoro.

Majlis, kwenye chumba cha wageni, ami alikuwa akiningoja kama kadhi.

"Karibu, bingwa wa paa. Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, Ami. Nimekiona chumba."

"Kizuri, sivyo?"

"Ulipokuwa mtoto, Bibi alikulaza wapi?"

Uso wake ulibadilika. "Usinifundishe mamangu."

"Simfundishi mtu. Nauliza tu. Vyumba vya juu vina majini?"

"Sikiliza, Ghadeer." Alijiegemeza mbele. "Mnanitukana mtaa mzima, mnaniita mwizi. Nyumba ile ni ya babangu. Nimezaliwa humo, nimepata ndui humo. Mnadhani jirani aliyepiga randa mlango ana haki kuliko mimi niliyetoka tumboni mwa mwenye nyumba? Nimestaafu. Biashara yangu imekufa. Wewe unajua nini kuhusu mwanamume kuamka asubuhi hana pa kwenda?"

Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kweli. Nami nitaiandika kweli hiyo, ingawa imenikera kuiandika.

"Kama ungekuja Ijumaa, Ami," nilisema, "ungekuwa na pa kwenda. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kushika ngazi."

Kitambo kifupi nilidhani nimemfikia. Kisha akaigonga meza kwa kidole.

"Mimina."

Nilimimina. Mkono wangu huu ninaoandikia ndio uliomimina. Bi Reem alisimama mlangoni akishuhudia. Ami aliinywa taratibu, akaitikisa finjani, akanirejeshea.

"Mwambie Mama, keshokutwa tunakwenda kuandikisha. Leo jioni n'naleta mpiga picha. Aitayarishe nyumba."

*

Nilimkuta Bibi uani, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye mitungi ya gesi, sauti yangu iliniponyoka na nikalia, si kwa huzuni, bali kwa ile hasira isiyokuwa na mahali pa kukaa.

Bibi hakulia.

"Nyuma ya jiko," alisema.

"Nyuma ya jiko, Bibi."

"Na Yaqoob kainywa?"

"Kaimaliza."

"Vyema. Neno langu kwake limetimia." Aliinuka, akajitanda mtandio wake. "Kamwite Hamdiya. Waite wote. Waambie waje na spana."

"Spana za nini?"

"Wewe waite tu."

Walikuja, na walikuja na hasira zao. Bi Hamdiya aliingia uani bila ya kubisha hodi, wanawake na mafundi wa Ijumaa nyuma yake. Hata Restituta alikuwepo, ameomba ruhusa kwa bosi wa kwanza, ila hakukubali kuketi.

"Zuwena," Bi Hamdiya alisema, "kama umetuita kutuaga, tuage upesi. Nimeacha maharage motoni."

"Nimekuiteni nirejeshe amana," Bibi alisema. "Mimi nilikuahidini nyumba hii haitakuwa biashara. Kisha nikampa Yaqoob haja yake kabla sijaijua. Hilo kosa langu, na kosa langu sikutwisheni nyinyi. Yaqoob kaomba nyumba ya babake. N'tampa nyumba ya babake. Lakini nyumba ya babake haikuwa na paa."

Nilimwona Bi Hamdiya akiikunjua mikono aliyokuwa ameifunga kifuani.

"Fungueni," Bibi alisema. "Mabati yenu, vyuma vyenu, viyoyozi vyenu, milango yenu. Kila mlichotia, kitoeni mkakitie nyumba inayofuata. Kuta ndizo zake."

"Na wewe utalala wapi, shoga?" Sauti ya Bi Hamdiya ilikuwa imekwishageuka.

"Hilo si la kwenu."

"Si la kwetu? Zuwena, umerukwa na akili? Tumepandisha paa lile na vijana wawili wakavunjika vidole!"

"Ndiyo maana halibaki kwa mtu ambaye hakuvunjika kitu."

Restituta alipiga makofi, peke yake. "Huyu bibi," alisema, "mimi kuanzia leo naivaa tena aproni."

Bibi alinigeukia. "Ghadeer, upande wa kibla ulikaza wewe. Anza wewe."

Nilipanda. Sikujua kama ninalipenda jambo lile au ninalichukia. Kila bolti niliyoikaza nikiimba, sasa niliilegeza nimeuma meno. Mafundi walipanda upande wa pili. Bati la kwanza lilishuka kwa kamba, wanawake wakalipokea kama wanavyopokea maiti, kwa mikono mingi na bila ya maneno. Jua likaingia chumbani kwa Bibi na kuangukia kitanda chake.

Ndipo lile gari jeupe lilipoingia uchochoroni, na nyuma yake mpiga picha na mikoba yake.

"Nini hiki?" Ami alishuka akikimbia, kilemba kimemkaa upande. "Mnafanya nini? Shuka! Ghadeer, shuka nakwambia!"

"Endelea," Bibi alisema kutoka chini.

"Mama, wanaivunja nyumba!"

"Hawavunji. Wanachukua chao."

"Hii ni jinai! Wallahi n'nawaita polisi!"

"Waite, mwanangu. Na wao tutawapa kahawa."

Aliwaita kweli. Afisa aliyekuja alikuwa kijana mstaarabu, aliyeonekana wazi kwamba angetamani kuwa popote pale isipokuwa pale. Alituamkia, akautazama mlima wa mabati uani, akanitazama mimi juu, akauliza kwa Kiarabu swali moja ambalo mtaa mzima ulikuwa umelikwepa:

"Nyumba hii ni ya nani?"

Ami alimtazama mamake. Bi Hamdiya alimtazama shoga yake. Hati ya nyumba ilikuwa bado kwa jina la Bibi. Neno moja tu, "yangu", lingetosha kumrudisha mwanawe Ghubra mikono mitupu, na lingetosha pia kumfanya yeye mwongo kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Yake," Bibi alisema.

Nusura nianguke.

Ami alishusha pumzi. Akakitengeneza kilemba chake. Kisha mtoto huyu aliyetoka tumboni mwa mwenye nyumba akasema, mbele ya afisa, mbele ya majirani, mbele ya mpiga picha:

"Umesikia, bwana. Basi kama ni yangu, n'nataka wote watoke. Na wewe Mama, tafadhali, ingia garini."

Bibi hakuingia garini. Aliuchukua msala wake begani, akavuka kizingiti, akaenda kukaa nje uchochoroni, juani, juu ya fungu la vyuma tulivyokwishateremsha. Bi Hamdiya alikwenda akaketi upande wake wa kulia. Restituta akaketi kushoto, akamfunika kichwa kwa kanga yake.

Afisa aliinua uso.

"Binti," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma, "mwenye nyumba ametamkwa. Ulichokwishateremsha kitazungumzwa. Lakini ukiifungua bolti nyingine, nitalazimika kukuchukua kituoni."

Mafundi wa upande wa pili walikwishatupa spana zao chini. Juu ya nyumba nilibaki peke yangu, na bati la mwisho la upande wa kibla lilikuwa limeshikwa na bolti moja.

"Ghadeer!" ami alifoka. "Umesikia ulivyoambiwa?"

Nilikuwa nimesikia. Niliiweka spana kwenye bolti, nikaushika mpini kwa mikono miwili.